Steringi akifa: Ulie, au udai chenji yako?

Kama umekulia mjini na ukapitia vibanda vya video, unaijua sheria namba moja ya picha: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka kutoka ghorofa ya tano, gari litatumbukia baharini na yeye akiwa ndani, lakini wewe wala huhangaiki. Unaendelea kutafuna karanga zako kwa sababu unajua baada ya dakika tano ataibuka na bandeji begani, na adui atajuta kuzaliwa. Anayelia pale steringi anapoanguka huchekwa kibanda kizima.

Sasa, mpenzi msomaji, njoo kwenye vitabu vya katuni vya Marekani, vile vya akina Superman, Batman, Spider-Man na Captain America. Huko sheria hiyo imepinduliwa juu chini. Huko steringi anakufa. Tena hafi kimyakimya, anakufa kwa matangazo, na watu wanahimizwa kununua nakala za msiba mapema. Halafu mara jamaa huyo yuko hai, anapasua anga kama kawaida, na anayeuliza alikuwa wapi anaambiwa anunue toleo lijalo.

Ndiyo maana wapenzi wa katuni hizi wamegawanyika makundi mawili. Kuna wanaolia kila mara, na kuna waliochoka, ambao kwao kila kifo ni usanii na kila vita kubwa ni mbinu ya kuwakamua hela. Mimi niko katikati. Wiki hii nataka tuongee kiutu uzima: ni lini mashujaa wengi kukusanywa kwenye hadithi moja kunastahili muda wako na hela yako, na ni lini unauziwa mbuzi kwenye gunia?

SHUGHULI NI NINI?

Kwa wale ambao si wenyeji wa mambo haya, ngoja niwafungulie mlango. Katika kampuni mbili kubwa za katuni, Marvel na DC, shujaa mwenye jina huwa na kitabu chake kinachotoka kila mwezi. Spider-Man ana chake, Hulk ana chake, Batman anavyo hadi vya kugawa. Lakini wa kampuni moja wote wanaishi dunia moja. Spider-Man akiinua macho juu ya maghorofa ya New York anaweza kumuona Iron Man akipita zake.

Mara mojamoja kampuni inaamua kuwaita wote. Linazuka balaa ambalo mtu mmoja hawezi kulimudu, na hadithi inaanza kumwagika kutoka kitabu hiki kwenda kile. Mimi naiita shughuli, kwa sababu inafanana kabisa na shughuli zetu za harusi. Kitabu kikuu ndiye bwana harusi. Matoleo ya pembeni ndio wajomba na mashangazi, kila mmoja anataka asikike kwenye spika. Na kadi za mchango zipo, maana kila toleo la pembeni lina bei yake. Ukitaka kufuata kila kona ya hadithi utachangia hadi mfuko utoboke.

Kwa miaka niliyosoma shughuli hizi, nzuri na za ovyo, nimebaki na kipimo kimoja tu. Sihesabu waalikwa, wala sihesabu maiti. Nauliza hivi: nikifunga ukurasa wa mwisho, kuna kilichobaki? Kuna mtu aliyerudi nyumbani akiwa si yule aliyetoka? Kama yupo, shughuli ilikuwa ya haki. Kama wote wamerudi vilevile walivyokwenda, hapo dai chenji yako.

ILIANZA KWA MOTO NA MAJI

Usidhani ni mambo ya juzi. Mwaka 1940 kampuni ya Timely, ambayo baadaye ndiyo ilikuja kuwa Marvel, ilikuwa na masteringi wawili waliokuwa wakiuza vizuri. Mmoja ni Human Torch, mtu wa moto, aliyebuniwa na Carl Burgos. Mwingine ni Namor, mwana wa mfalme wa chini ya bahari, aliyebuniwa na Bill Everett. Wachoraji hao wakakaa chini, wakaulizana swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: moto na maji vikikutana itakuwaje? Namor akaivamia New York kwa hasira, Human Torch akatoka kuitetea, na ngumi zikapigwa kwenye anga ya jiji.

Tazama kilichofanya pambano hilo linoge. Moto na maji ni maadui wa asili, hata bila mwandishi kueleza. Na Namor hakuwa jambazi, alikuwa na chuki yake dhidi ya watu wa nchi kavu na sababu zake alikuwa nazo. Mashujaa wawili, sababu mbili, jiji moja. Kitoweo kilikuwa tayari chunguni, hakikuhitaji viungo vingi.

BIASHARA SI DHAMBI

Wapo wanaosema shughuli yoyote iliyoanzia kwenye tamaa ya hela haiwezi kuwa nzuri. Hapo nakataa. Chukua Secret Wars ya Marvel, matoleo 12 yaliyotoka 1984 hadi 1985, yaliyoandikwa na Jim Shooter, mhariri mkuu wa kampuni wakati huo. Asili yake ni biashara tupu. Kampuni ya Mattel ilitaka kutengeneza midoli ya mashujaa wa Marvel na ikataka kuwe na hadithi kubwa ya kuisukuma sokoni. Hata jina lilitokana na utafiti wa Mattel, ambao ulionyesha kwamba watoto wanavutiwa na maneno "siri" na "vita". Ndiyo ikawa Vita vya Siri. Hakuna mshairi hapo, kuna muuza duka.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kama chapati ya maji. Kiumbe mmoja mwenye uwezo usio na mipaka, aitwaye Beyonder, anawazoa mashujaa na maadui zao, anawatupa kwenye sayari aliyoiunganisha kwa vipande vya sayari nyingine, kisha anawaambia wapigane. Atakayeshinda atapewa anachotaka. Basi. Lakini ndani ya upuuzi huo Shooter alitia vitu viwili vilivyoniganda.

Cha kwanza, Beyonder alipogawa kambi, Magneto, yule adui mkubwa wa X-Men, alijikuta kwenye kambi ya mashujaa. Beyonder hakuangalia rekodi ya mtu polisi, aliangalia anachokitamani moyoni. Hapohapo mashujaa wenyewe wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Cha pili ni The Thing, lile jitu la mawe la kundi la Fantastic Four. Jina lake la kuzaliwa ni Ben Grimm. Miaka yote kilio chake kilikuwa kimoja, kwamba hawezi kurudia umbo la binadamu. Kule kwenye sayari ya vita anagundua anaweza kuwa mtu wa kawaida akitaka. Vita inaisha, wenzake wanapanda chombo kurudi nyumbani, na yeye anasema anabaki. Akabaki kweli, na She-Hulk akachukua nafasi yake kwenye kundi.

Na Spider-Man? Alirudi na nguo nyeusi aliyoiokota huko. Wazo la nguo nyeusi lilitoka kwa msomaji mmoja, shabiki tu kama wewe na mimi, ambaye Marvel ilimlipa dola 220. Baadaye ikaja kugundulika kwamba nguo ile ilikuwa kiumbe hai, na mwaka 1988 ikazaa adui mpya, Venom. Kwa hiyo shughuli iliyoanzia kwenye midoli iliacha nyumba moja bila baba mwenye nyumba na nyingine na mgeni mbaya kabatini. Kilichobaki kipo, tena kingi.

ALIYEKIMBIA PEKE YAKE

Wenzao wa DC walikuwa na tatizo la aina nyingine. Tangu 1961 walikuwa wakiandika kwamba kuna dunia zaidi ya moja. Mwaka huo Flash wa kisasa, Barry Allen, alikutana na Flash wa zamani, Jay Garrick, aliyekuwa akiishi kwenye dunia nyingine kabisa. Wazo lilikuwa tamu, likapendwa, likarudiwa. Dunia zikazaliana kama panya, kukawa na Superman huyu na Superman yule, hadi msomaji mpya akaona bora akacheze mpira.

Mwaka 1985 mwandishi Marv Wolfman na mchoraji George Pérez wakapewa kazi ya kusafisha nyumba. Crisis on Infinite Earths ilikuwa na matoleo 12, na adui wake, Anti-Monitor, alikuwa akifuta dunia nzimanzima kama mwalimu anavyofuta ubao. Hapo DC ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea: iliua watu wenye majina.

Katika toleo la 7 alikufa Supergirl, binamu yake Superman, akimwokoa Superman mwenyewe. Jalada la toleo hilo linamuonyesha Superman akilia huku amembeba binamu yake mikononi. Hata asiyejua kusoma Kiingereza anaelewa.

Lakini kifo kilichonikaa mimi ni cha toleo la 8. Barry Allen, Flash, mtu mwenye mbio kuliko wote, anagundua silaha kubwa ya Anti-Monitor inayotaka kuimaliza dunia. Wenzake hawapo na hajui kama watakuja. Anaanza kukimbia kuizunguka, kasi juu ya kasi, hadi silaha ile inasambaratika na mwili wake unakwisha kama mshumaa. Kinabaki kivazi chake na pete. Hakuna rafiki aliyemuona akifa, wala hotuba ya mwisho kwa umati. Dunia nzima imeokolewa na mtu ambaye wakati huo hakuna aliyejua yuko wapi.

Sasa sikiliza kwa nini naihesabu hii kuwa shughuli halali. Barry alikuwa na kijana aliyemlea kikazi, Wally West, mpwa wa mkewe. Mwisho wa Crisis, Wally anavaa kivazi cha Flash. Na hakuvaa kwa mwezi mmoja wa maonyesho. Alikuwa na kitabu chake kuanzia 1987, na kuna watoto waliokua hadi wakaoa wakimjua Flash mmoja tu, naye ni Wally. Barry alirudishwa hai 2008, zaidi ya miaka 20 baadaye. Ndiyo, alifufuka. Lakini miaka 20 ya pengo ni pengo la kweli. Mtu alirithi kazi, akaogopa kwamba hatoshi, akakosea, akakua. Kifo kilizaa maisha ya mtu mwingine, na hayo hayawezi kufutwa na ufufuko.

THANOS NA GLAVU YAKE

Wengi wetu Thanos tulimjua kwenye picha ya 2018, Avengers: Infinity War, pale alipopiga vidole na nusu ya viumbe wote wakageuka vumbi. Wenyewe wa katuni walikuwa wameshauona mkasa huo mwaka 1991 kwenye The Infinity Gauntlet, matoleo sita ya Jim Starlin. Aliyeanza kuichora ni nani? Ni yuleyule George Pérez, kisha Ron Lim akaimalizia.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Thanos wa kwenye picha ana hesabu zake za chakula na idadi ya watu. Thanos wa kwenye katuni ana mapenzi. Amempenda Kifo, ambaye kwenye hadithi hizi ni mwanamke, naye hata neno hamsemeshi. Jamaa kaua nusu ya ulimwengu kama zawadi ya kumtongozea mtu. Unacheka, lakini nani kati yetu hajawahi kufanya upuuzi mkubwa kwa ajili ya mtu asiyemjibu?

Kwenye toleo la 4 mashujaa wanamvamia kwa pamoja na wanakwisha mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa namna yake. Kumbe walikuwa chambo. Mpanga mipango wao, Adam Warlock, alitaka tu Thanos asahau kidogo ili Silver Surfer apite kwa kasi na kuinyakua glavu. Silver Surfer anapita, mkono unanyooka, na anaikosa kwa chupuchupu. Kabla ya hapo Captain America amebaki peke yake, mtu mwenye ngao tu, anasogea hadi mbele ya jitu linaloweza kuzima nyota, na anamwambia hatashinda kabisa ilimradi mmoja wao bado amesimama. Haogopi? Anaogopa nini tena, wakati kila alichokuwa anakipenda kimelala chini nyuma yake.

Sawa, mwisho wa hadithi waliokufa wanarudi. Utaniuliza kilichobaki ni nini. Kilichobaki ni Thanos. Adam Warlock anamwambia ukweli kwamba kila mara anapopata nguvu zote anafungua mwenyewe mlango wa kushindwa, kwa sababu ndani kabisa anajua hastahili. Ukurasa wa mwisho unamkuta akiwa mkulima, kwenye sayari ambayo hakuna anayemjua. Unaweza kufufua watu wote ukafuta hata vita yenyewe, lakini mtu akishajijua hawezi kujisahau.

KESI ISIYO NA HAKIMU

Shughuli iliyozua ubishi kuliko zote kwa kizazi changu ni Civil War ya Marvel, 2006 hadi 2007, iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven. Humo hakuna adui kutoka angani. Vijana mashujaa wanaovamia nyumba ya majambazi mjini Stamford wakiwa na kamera za televisheni wanakutana na jambazi anayeweza kujilipua. Analipuka karibu na shule. Watu zaidi ya 600 wanakufa, wakiwemo watoto 60.

Serikali inaleta sheria kwamba kila mwenye nguvu za ajabu ajiandikishe, jina lake lijulikane na afanye kazi chini ya usimamizi. Iron Man anaikubali. Kwenye mazishi mama wa mtoto mmoja aliyekufa amemtemea mate usoni, na mate yale hayafutiki. Captain America anaikataa, kwa hoja kwamba leo utaandikisha jina, kesho serikali itakuambia adui ni nani. Marafiki wa miaka mingi wanagawanyika.

Uzuri wake ni kwamba ukiisoma ukiwa na rafiki yako mtagombana. Kwa nini polisi avae beji na jina, halafu mtu anayeweza kuangusha jengo afanye kazi amefunika uso? Upande mwingine, nani alishawahi kuipa serikali orodha ya majina na orodha hiyo ikabaki kabatini? Kila upande una haki na kila upande unafanya maovu. Captain America anakaribia kushinda, amemuweka Iron Man chini, mara anarukiwa. Wanaomrukia si mashujaa. Ni wazima moto, polisi na watu wa huduma ya kwanza, watu wa kawaida. Anageuka, anaona mtaa ulivyoharibiwa, analia, anavua kofia yake, anajisalimisha. Muda mfupi baadaye anapigwa risasi. Huo ndio mwisho ninaouita wa kiume.

CHENJI ILIYORUDISHWA

Lakini shughuli hiyohiyo ilitupa pia mfano wa dhuluma. Katikati ya vita, Spider-Man alisimama mbele ya waandishi wa habari akavua kofia yake na kusema jina lake, Peter Parker. Siri aliyoitunza tangu 1962, kwisha. Watu walipigwa butwaa. Na gharama ikaja: mtu wa kukodiwa alilenga shabaha, risasi ikampata Shangazi May, mwanamke aliyemlea. Ukisoma ukurasa ule unasema sawa, hapa wameamua kweli.

Hawakuwa wameamua. Mwishoni mwa 2007 ikaja hadithi ya One More Day, ambamo Peter na mkewe Mary Jane wanakubaliana na shetani Mephisto. Shangazi anapona, siri ya jina inarudi kuwa siri, na malipo yake ni ndoa yao. Ndoa iliyofungwa 1987 ikafutwa kana kwamba haikuwahi kuwepo. Miaka 20!

Wapenzi wengi waliudhika, na mimi nikiwa mmoja wao. Sikuudhika kwa sababu watu wawili wameachana, kuachana kupo. Niliudhika kwa sababu niliambiwa kitu kina bei, nikailipa kwa moyo wangu, halafu muuzaji akarudisha kitu dukani na hela yangu akabaki nayo. Ukifanyiwa hivyo mara mbili tatu, mara ya nne shujaa akivua kofia wewe unapiga miayo.

MBUZI NDANI YA GUNIA

Na hasara ya miayo hiyo si hadithi, ni hela na ajira. Mapema miaka ya 1990 kampuni ziligundua kwamba watu wananunua katuni kama akiba, si kwa kusoma. Toleo la kwanza la X-Men la 1991 lilitoka na majalada tofauti na likauza nakala zaidi ya milioni 8. Mwaka 1992 Superman aliuawa, na toleo lake likauzwa ndani ya mfuko mweusi, na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi kama mfiwa. Mamilioni wakanunua, wengi wakaliweka bila hata kufungua mfuko, wakisubiri litajirishe wajukuu.

Kitu walichonacho watu milioni sita hakiwezi kuwa adimu. Superman akarudi 1993, wanunuzi wakashtuka, maduka mengi ya katuni yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Vifo vya bei rahisi havikuwa sababu pekee, lakini vilikuwa sehemu ya ugonjwa. Kilichokufa kweli kilikuwa imani ya msomaji.

Ugonjwa mwingine ni shughuli kugeuka kadi ya mwaliko ya shughuli nyingine. Secret Invasion ya 2008 ilianza na swali la kutisha: viumbe wenye kujigeuza wamechukua nafasi za watu unaowaamini, je, rafiki yako ni rafiki yako? Swali tamu. Lakini kurasa za mwisho zinakimbilia kutangaza hadithi inayofuata. Unatoka harusini hujanywa hata soda, tayari umekabidhiwa kadi ya kipaimara.

WAPIGA KURA NA WALIOCHAGUA

Hebu malizia kwa kulinganisha shughuli mbili zilizokutanisha kampuni zenyewe. Mwaka 1996 ilitoka DC Versus Marvel, matoleo manne, na mapambano matano makubwa yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman akampiga Hulk, Batman akamshinda Captain America, Spider-Man akamshinda Superboy, Storm akamshinda Wonder Woman, Wolverine akamshinda Lobo. Kwa ubishi wa kijiweni ilikuwa burudani. Lakini ukishajua nani kashinda, hakuna sababu ya kuisoma tena. Ni matokeo ya mechi.

Kisha ikaja JLA/Avengers, 2003 hadi 2004, ya mwandishi Kurt Busiek na, kwa mara nyingine, George Pérez. Ilipangwa itoke 1983, Pérez akaanza hata kuchora, lakini kampuni zikagombana kuhusu hadithi na kazi ikafungiwa kabatini kwa miaka 20. Humo mashujaa wa DC wanafika dunia ya Marvel, wanaona jinsi mashujaa wanavyochukiwa, wanasema hawa wenzetu wamezembea. Wa Marvel wanafika dunia ya DC, wanaona mashujaa wanajengewa hadi makumbusho, wanasema hawa wamejifanya wafalme. Superman na Captain America wanachukiana kabla hata ya kusalimiana. Ngumi hizo zina maana.

Halafu inakuja sehemu iliyonifanya niweke kitabu chini kidogo. Dunia zimeharibika na mashujaa wanaonyeshwa maisha yao ya kweli yalivyokuwa kabla ya kuvurugwa: nani atafiwa, nani atapotoka, nani atakufa. Barry Allen anaona kwamba kwenye dunia iliyo sahihi yeye ni marehemu. Wanaulizwa, bado mnataka tuirudishe? Wanasema ndiyo. Hapo hakuna kura ya msomaji, kuna mtu anayeijua bei na anailipa mwenyewe.

KABLA HUJATOA HELA

Basi, ukitaka kuanza shughuli yoyote, fanya hivi. Soma kitabu kikuu peke yake kwanza. Kama hakieleweki bila matoleo ya pembeni, achana nacho. Tafuta zilizokwisha zikakusanywa kwenye kitabu kimoja, maana muda umeshazichuja. Uliza balaa lenyewe linauliza swali gani, na kama jibu ni "nani ana nguvu zaidi" tu, azima kwa rafiki usinunue. Na mwisho uliza kile kipimo changu: kuna kilichobaki?

Umeona jina la George Pérez limejirudia. Alizaliwa New York 1954, na mkono wake ndio uliomchora Barry akikimbia hadi akaisha. Desemba 2021 alitangaza kwamba ana saratani ya kongosho, kwamba hatatibiwa, na kwamba muda uliobaki ataupitisha na mkewe, ndugu, marafiki na mashabiki. Machi 2022 kampuni zile mbili zilikubali JLA/Avengers ichapwe tena, nakala 7,000 tu, kwa heshima yake na kuchangia taasisi inayosaidia wachoraji wenye shida. Mei 6, 2022 akafariki, akiwa na miaka 67.

Supergirl alisharudi. Barry alisharudi. Captain America alisharudi. Aliyewachora hatarudi, na kazi yake ndiyo iliyobaki. Ukiipata, isome polepole, na ukitaka kulia ruksa. Hapo hudai chenji.

Tukutane wiki ijayo.